Maji ya Kutengenezea Uzi, Newala

Niliondoka Masasi nikiwa na hasira tayari. Nilikuwa nimejifundisha kwa simu kutengeneza nyuzi za polima nyembamba kuliko unywele, lakini kila niliyemwonyesha aliuliza nasoma chuo gani. Sisomi. Ni Baba Hadija tu, mwalimu wa Newala, aliyesema: njoo umwonyeshe mkuu wetu wa shule, akiridhika utapata pembe ya maabara. Nilisafisha kifaa changu mpaka vidole vikauma. Ni kipande cha kioo chenye vijia vyembamba: rojo la unga wa mwani hupita katikati, maji yenye chumvi ya kalisi pembeni, na vikikutana rojo huganda likatoka uzi.

Ndani ya basi nilipakata dumu la maji yasiyo na chokaa. Chokaa ina kalisi ile ile, hivyo rojo likikorogwa kwa maji yenye chokaa huganda mapema, likaziba kijia.

Newala, mchana, Mama Hadija, mkewe mwalimu, alinipokea dumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wamekulea."

Sikuelewa sifa ile mpaka nilipotoka kuoga. Huku juu maji ni shida, na mgeni akija na dumu ameleta zawadi. Yangu yalikuwa mtungini, yamechanganywa na ya kisima chao cha saruji, na saruji hutoa chokaa.

"Ila hayana ladha," akasema.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini nilikuwa nimeoga maji yao, nikajichukia kwa hasira yangu.

Alasiri nilijaribu maji ya mtungini. Kijia kikaziba. Nikabandika sufuria jikoni, nikageuza mfuniko, nikakinga matone ya mvuke bakulini.

"Unachemsha maji upate maji?" Mama Hadija akacheka. "Masasi mna mambo."

Nilipata nusu glasi.

Kesho yake, maabarani, uzi ulitoka mrefu, haukukatika. Mkuu wa shule aliushika.

"Wa nini?"

"Kufunikia vidonda, mwalimu."

"Kakufundisha nani?"

"Mwenyewe."

Akauweka mezani. "Lete cheti kwanza."

Baba Hadija alitazama chini.

Njiani kurudi nilihesabu makosa. Kosa la maji lilikuwa langu: ningesema mlangoni ni ya kazi gani. Mama Hadija alikosea kwa ukarimu, nami nikapata njia nyingine. Mkuu yule aliushika uzi mzima mkononi, akanidai karatasi. Hapo sikukosea popote, na siombi radhi.