Ushindi wa Mezani

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, nilipiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Hiyo ilikuwa kazi yangu kabla ya kazi zangu. Mashine ya kusoma vidole ililetwa ofisini kwetu kwa mbwembwe, ikafanya kazi miezi michache, vumbi la Dodoma likaingia ndani yake, ikanyamaza. Tukarudi kwenye daftari kubwa la jalada gumu, na mimi, karani wa masjala, nikakabidhiwa rula na kalamu nyekundu. Aliyewahi alisaini juu ya mstari, aliyechelewa alisaini chini. Sikumwonea mtu wala kumpendelea mtu, na nilijivunia hilo kuliko ilivyofaa.

Nilikuwa nimechoka miaka ile. Nalisema mapema ili nisije nikatafutiwa sababu nzuri zaidi. Wenzangu waliohamishwa kutoka Dar es Salaam walilalamikia upepo, baridi ya Julai na maji ya chumvi. Mimi sikuwa na haki ya kulalamika, maana nilikuwa narudi nyumbani. Kwetu ni Kongwa, mkoa huohuo wa Dodoma. Lakini mwaka wa pili baada ya kurudi mama yangu alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea, nikamtoa kijijini nikakaa naye kwenye vyumba viwili vya kupanga. Asubuhi nilimwogesha, nikamvisha, nikamnywesha uji, ndipo nikakimbilia ofisini kufungua daftari saa moja kamili. Jioni nilianza upya. Jumapili nilisinzia kanisani, na mzee wa kanisa akanisema.

Burudani yangu ilikuwa tenisi, na hata hiyo sikuichagua. Pale mapokezi palikuwa na televisheni yenye kifurushi cha bei ya chini kabisa. Mpira wa miguu haukuwamo. Chaneli moja tu ya michezo ilikuwa imebaki, nayo ilionyesha tenisi kutwa nzima. Madereva waliokuwa wakisubiri safari waliitazama kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mazoea, mwisho wakaanza kubishana kana kwamba wamezaliwa na raketi mkononi. Mimi nilikuwa nakula chakula changu cha mchana palepale, kwa sababu palikuwa na feni.

Mpinzani wangu alikuwa dereva mmoja, mwenyeji wa Kondoa, mtu mrefu, mpole, aliyebakiza mwaka mmoja na miezi kustaafu. Alimpenda mchezaji anayerudisha mipira ya upande wa kushoto kwa mkono mmoja, mpigo ambao siku hizi karibu wote wanaupiga kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa wa mwingine, mgumu, asiyecheka, anayeshinda hata siku ambayo hakucheza vizuri.

"Huyu wako hachezi, dada," dereva aliniambia. "Huyu wako anakusanya."

"Anakusanya nini?"

"Ushindi."

"Sasa mzee, mtu anaingia uwanjani kukusanya nini kingine?"

"Ukubwa wa mtu haupo kwenye idadi. Wangu alishindwa fainali moja miaka ile, mpaka leo naisimulia. Wewe nisimulie hata moja aliyoshinda wa kwako."

Nikashindwa kusimulia, nikakasirika. Siku ya pili nilikuja na kaunta buku jipya. Nikachora safu kwa rula ya ofisi: tarehe, kashinda, kashindwa. Matokeo ya wachezaji wetu wote wawili niliyatafuta kwenye simu, mwaka kwa mwaka, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mama nikisubiri alale. Ushindi niliuandika kwa buluu, kushindwa kwa nyekundu. Ilikuwa raha ya ajabu. Kutwa nzima nilikuwa mtu wa mambo yasiyoisha, na pale kila kitu kilikuwa na mwisho, mmoja kashinda na mmoja kashindwa. Kila mchana nilimfungulia dereva ukurasa mpya, naye alitazama wekundu wa mchezaji wake, akatikisa kichwa na kurudisha macho kwenye televisheni.

Ni yeye aliyeniuliza siku moja mama anaendeleaje. Nikamwambia hospitali wamempangia mazoezi ya viungo kila Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, na sina mtu wa kumpeleka, kwa kuwa muda huohuo ndio wa mstari.

"Mimi napita hukohuko," akasema. "Ni njiani kwangu. Nitamchukua."

Nilimwamini kwa sababu nilihitaji kumwamini. Tangu hapo, kila Jumanne na Alhamisi, saa moja kasoro robo, gari lake dogo kuukuu lilisimama mlangoni kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akainama kwa mama na kumsalimia kwa Kigogo chake cha kuombea maji: "Mbukwa, mama." Mama, aliyekuwa amepoteza nusu ya maneno yake, aliitikia "Mbukwenyi" nzima, bila kukwama. Dereva akambeba hadi kwenye kiti kama mtu anayebeba trei ya mayai. Mimi nilifunga mlango na kurukia bodaboda kwenda ofisini, upande wa pili wa mji. Saa nne, wakati wa chai, nilitoka na bajaji kumrudisha mama nyumbani.

Ukafika msimu wa Mei Mosi. Kila mwaka kila idara huchagua mfanyakazi hodari, ambaye husimama uwanjani mbele ya mgeni rasmi na kupewa cheti chenye fremu. Dereva hakuwahi kukipata katika miaka yake yote ya kazi, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Hakuomba, watu wa rika lake hawaombi mambo hayo. Ila alinionyesha kwenye simu picha ya sebule yake ya Kondoa, ukuta mweupe na msumari mtupu katikati.

"Nimeshaupigilia," akasema akicheka. "Mke wangu kila mwaka ananiuliza ule msumari wa nini."

Kamati tulikuwa watano, mimi nikiwa mwandishi wa kikao. Majina yalibaki mawili: dereva, na katibu muhtasi wetu, msichana mchapakazi wa miaka miwili kazini. Mwenyekiti alitaka kumaliza haraka. "Mzee wetu anastaafu Julai," akasema. "Tumpe, tumuage vizuri." Wengine wakaitikia.

Hapo ndipo kiburi changu kilipopanda. Nikasema, "Tunampa kwa sababu ni hodari, au kwa sababu anaondoka? Daftari lipo. Tuhesabu."

Nikalileta. Nikahesabu mbele yao kwa ncha ya kalamu, nikiruka siku za safari za kikazi, ambazo huwa naziwekea alama yake. Katibu muhtasi alikuwa chini ya mstari mara mbili. Dereva, mara thelathini na nane. Mwenyekiti akaona si haki kumhukumu mtu bila kumsikia, akaagiza aitwe.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mzee, ni kweli umechelewa siku zote hizi?"

Akalitazama daftari, kisha akanitazama mimi. Nilidhani ni aibu. "Kweli, mkuu. Saini ni zangu."

"Kuna sababu tuiandike?"

"Hapana, mkuu. Asubuhi zina mambo yake."

Akatoka. Katibu muhtasi akapita kwa kura zote, na mimi nikaandika muhtasari kwa mwandiko mzuri. Nilijisikia nimetenda haki. Nilijisikia msafi kabisa, na ndiyo sehemu inayonitia uchungu zaidi ninapoandika haya.

Mtu atauliza, ina maana hukujua? Nimejiuliza mara nyingi kuliko yeye. Kichwani mwangu mama alikuwa jambo la saa moja kasoro robo na daftari lilikuwa jambo la saa moja na nusu, na kati yake kulikuwa na bodaboda na jasho. Sikuwahi kuyakutanisha. Nilikuwa natazama jumla tu.

Siku ya Mei Mosi dereva ndiye aliyetuendesha hadi uwanjani, sote na fulana za sherehe na kofia zake. Jina la katibu muhtasi liliposomwa alipiga makofi akiwa amesimama. Jumanne iliyofuata alikuja kumchukua mama kama kawaida.

Mwisho wa mwezi ule yalianza yale mashindano makubwa ya tenisi ya kwenye udongo mwekundu, ambayo kwetu huanza mchana wakati wa kula. Wachezaji wetu wawili walipangwa kukutana. Kabla ya mechi televisheni ikaonyesha wamekutana mara ngapi na nani kashinda ngapi. Nikafungua buku langu. Mchezaji wa dereva alikuwa na nyekundu tatu zaidi kwangu kuliko kwenye televisheni.

"Wamekosea," nikasema.

"Hawajakosea, dada. Hizo tatu jamaa alikuwa mgonjwa. Hakuingia uwanjani."

"Si ndiyo kushindwa kwenyewe? Timu isipotokea inapigwa tatu bila. Ushindi wa mezani."

"Huo ni mpira wetu wa miguu. Kwenye tenisi asiyeingia uwanjani hakushindwa. Mwenzake anasonga mbele, lakini kwenye rekodi zao hawaandiki kitu. Wewe tatizo lako unahesabu ngapi. Huangalii siku gani."

Alisema bila ukali, macho kwenye televisheni. Nikatafuta kwenye simu ili nimwaibishe, nikakuta yeye ndiye mkweli. Nikachukua buku langu, nikarudi masjala kulisahihisha kabla ya mechi kuanza. Kusahihisha kulitaka tarehe, moja baada ya nyingine. Nilipomaliza ile ya tatu, macho yangu yakatua kwenye daftari la mahudhurio, lililokuwa pale pale mezani, na yale maneno yake, siku gani, yakanirudia. Nikalivuta.

Jumanne. Alhamisi. Jumanne. Alhamisi. Saa mbili kasoro kumi, saa mbili kasoro dakika tano, kwa mwandiko wake wa herufi zilizolala. Siku thelathini na sita zilikuwa za mama yangu. Mbili zilizobaki zilikuwa za wiki ile ya mvua kubwa, ambapo hata mkurugenzi alichelewa.

Nilimkuta uani akifuta vumbi kwenye kioo cha gari la ofisi. Hakuwa ameisubiri mechi.

"Mzee, kwa nini hukusema?"

Hakuuliza nasema nini. "Ningesema nini, dada? Kwamba mwenye kalamu nyekundu mimi ndiye nambebea mama yake? Wangesema tumepanga. Wewe wangekunyang'anya daftari, na mimi cheti nisingepata vilevile."

"Uliniambia ni njiani kwako."

"Si njiani," akasema, akacheka kidogo. "Nakaa huku huku karibu na ofisi."

Nililia pale uani mchana kweupe, mbele ya walinzi, mimi ambaye sikulia mama alipoanguka. Alinipa kitambaa cha kufutia vioo. Kilikuwa kisafi.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza yote, na mambo yangu pia. Alinisikiliza hadi mwisho, naye alikuwa amechoka kama mimi. Akasema kurasa za daftari zimeshasainiwa na kupigwa muhuri, cheti kimeshatolewa, na binti wa watu hana kosa. "Yameshapita, mama," akasema. Buku la tenisi lilikuwa limesahihishwa vizuri, kwa kalamu ya buluu. Hata baada ya kuziondoa zile tatu, mchezaji wangu bado alikuwa anaongoza.

Julai tukamuaga dereva kwa soda na pilau. Kamati ya maafa na sherehe ilikuwa imenunua zawadi bila kufikiri, saa ya ukutani. Aliifungua mbele yetu, akaitazama, akatazama upande wangu, akacheka kwa sauti hadi watu wakacheka naye bila kujua kwa nini. Akashukuru. Akasema kule Kondoa kuna msumari unaisubiri.

Jumanne iliyofuata, ya kwanza bila yeye, nilimpeleka mama mwenyewe. Mwenye bajaji alinisaidia kumpandisha, lakini hakujua ashike wapi, na mama akaumia, akanung'unika njia nzima. Karibu na hospitali akageuka kutazama dirishani na kusema "Mbukwa", kwa kuuliza, kama anayemwita mtu. Nilimkabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi, nikafika ofisini saa mbili kasoro kumi.

Kalamu nyekundu asubuhi hiyo ilikuwa kwa katibu muhtasi. Mstari wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Chini yake hapakuwa na jina hata moja.

"Shikamoo, mama," akasema kwa aibu, akinisogezea daftari. "Kuna sababu niandike pembeni?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Asubuhi zina mambo yake."

Nikasaini.