Viatu vya Mwenye Nyumba

Ukitaka kuzijua siri za watu, usiwapekue simu. Chana kochi lao. Hayo ni maneno ya shangazi yangu, fundi wa makochi, na mimi ni shahidi, maana nimekulia chini ya meza yake ya kukatia sponji. Ndani ya makochi ya watu ametoa funguo, vitana, hereni, meno ya bandia ya mwalimu mkuu mstaafu, na mara moja pete ya ndoa ambayo mwenyewe alikuwa ameshamfukuzia mtumishi wa ndani. Vyote huvirudisha. Ile pete aliirudisha na maneno yake makali juu, mpaka yule mama akaenda kumtafuta mtumishi wake akamwombe radhi.

Sasa mtu mnyoofu kiasi hicho aliwadanganya watu wa ofisi ya kodi kwa karibu miaka ishirini. Aliwaambia kwamba baba yake yu hai. Msinitolee macho, naeleza.

Babu yangu alikufa kama watu wote wanavyokufa. Tulimzika mchana kweupe, watu wakaja, wakala, wakaenda zao. Ila msibani pale alikuwepo mjuaji mmoja, wale ambao hawakosekani, akasema kwa sauti ya kunong'ona: "Hati ya nyumba ina jina la mzee? Basi serikali ikijua amekufa, nyumba imekwenda." Hakuna aliyemuuliza imekwenda wapi, kwa sheria gani, na yeye kayasikia kwa nani. Watu wakaguna, wakatikisa vichwa, na neno likawa neno.

Baba yangu ndiye kaka mtu, na wao walizaliwa wawili tu, yeye na Shangazi. Sisi nyumbani tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hata mkiwa wawili mnakunywa chai yeye atafungua kikao. Siku ile alifungua kikao, akapitisha azimio: kwa watu wa ofisi, mzee hajafa. Mzee ametoka kidogo. Na ili maneno yapate ushahidi, akavitoa viatu vyeusi vya Babu kabatini akaviweka mlangoni, kwenye kizulia, vikiangalia nje.

Kazi ya kuving'arisha nikapewa mimi. Kila Jumamosi, brashi na kopo la rangi. Haki ya Mungu, viatu vya marehemu nimevipiga rangi kuliko vyangu vya shule! Mtu wa mita ya maji akija, nasema, "Babu ametoka kidogo." Mtu wa kuhesabu watu akija, nasema vilevile. Naye anatupa jicho kwenye viatu, anaona vinang'aa, anaandika na kuondoka.

Shangazi ndiye aliyebaki na nyumba ile. Sebule aliigeuza karakana: huku springi, kule mabunda ya kitambaa, na gundi inayokupanda kichwani ukikaa muda. Paa alilibadilisha yeye. Ukuta wa uani ulipopasuka aliujenga yeye. Na kila mwaka alikwenda kulipa kodi ya jengo, kwa jina la Babu, na kila mwaka karani humuuliza dirishani, "Mwenye nyumba yupo?"

"Yupo," anasema Shangazi, anachukua risiti yake anaiweka kwenye sidiria. Zile risiti alizitunza kuliko dhahabu. Aliamini kwamba mtu akilipa kodi miaka mingi, nyumba inahamia kwake yenyewe, kidogo kidogo. Nani alimwambia? Mjuaji yuleyule, bila shaka.

Tatizo lilianza pale jirani mwenye duka la saruji na mabati alipotaka kununua nyumba ile aigeuze bohari. Akamwendea Mwenyekiti. Mwenyekiti akaja kwa dada yake na kikao tayari mdomoni.

"Mdogo wangu, tuuze tugawane. Wewe na makochi yako utapata chumba popote."

"Muulize mwenye nyumba," akasema Shangazi, anaonyesha viatu kwa nyundo.

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Baba angesema nini? Azimio ni lake mwenyewe! Na yule jirani hakuwa mjinga, alisema hatoi hata shilingi bila sahihi ya mwenye hati. Hapo ndipo nilipomwelewa Shangazi. Hofu ya serikali ilikuwa imeshamtoka zamani. Viatu vile aliviacha mlangoni kwa sababu mzee akiwa hai hakuna wa kuuza, na wa kuuza asipokuwepo, yeye ana pa kulala na pa kupigia misumari. Hana pengine. Mume hana, mtoto hana, kiwanja hana. Ana sebule ile.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata akiipaka rangi kila Jumamosi. Mwaka ule alipokwenda kulipa, dirishani alikuta karani mpya, binti mwerevu mwenye miwani. Akaitazama kompyuta, akamtazama Shangazi.

"Mama, huyu mzee ana miaka tisini na kitu! Mbona mnalipa? Wazee wa umri huu wamesamehewa kodi ya nyumba wanayoishi. Ni lazima tu tumwone kwa macho, tumpige picha, tumpe cheti. Nitakuja mwenyewe Jumanne."

Shangazi alirudi nyumbani kama mtu aliyemeza pini. Akampigia simu kaka yake, nami nikaitwa. Kikao kikafunguliwa.

"Jambo dogo sana," akasema Mwenyekiti, na nilipoona anatabasamu ningepaswa kushtuka. "Mimi nimefanana na marehemu. Mvi ninazo. Nifunike shuka magotini, nivalishe viatu vyake, nikae kimya. Binti atapiga picha, ataondoka."

Jamani, tulikubali. Watu wazima na akili zetu.

Jumanne asubuhi tukamweka kwenye kochi la mteja wake mmoja, daktari wa meno, lililokuwa limewambwa upande mmoja tu. Viatu vikagoma. Babu alikuwa na mguu mdogo kama wa mwanamwali, na baba yangu ana miguu kama vibao vya kufulia. Nilisukuma, Shangazi akavuta, kwa mafuta ya mgando na kwa kijiko, mpaka vikaingia na macho yakamtoka. Baba akaanza kuugulia, nasi tukaona afadhali, anafanana na mzee wa miaka tisini.

Binti wa miwani akaja, akaamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, Babu."

"Marahaba," akajibu baba yangu kwa sauti ya kutetemeka, na anajua kuigiza, sikuwahi kujua. Nyuma ya binti, nani akatokea barazani? Jirani wa saruji. Eti amepita kusalimia tu. Karatasi zinamchungulia mfukoni.

Binti akatoa simu ya kupigia picha. Ndipo Mwenyekiti akashindwa kunyamaza, maana kunyamaza hakujawahi kumkaa mwilini.

"Mjukuu wangu, hicho cheti chenye picha… mtu akitaka kuuza nyumba yake, kinatosha kumtambulisha?"

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama kaka yake, akamtazama jirani, akazitazama zile karatasi. Uongo wake mwenyewe, uliomlinda miaka yote, ulikuwa umekaa kwenye kochi umejifunika shuka, unataka kumfukuza. Kama mzee yu hai kwa ajili ya picha, yu hai kwa ajili ya sahihi.

Akaiweka nyundo chini, taratibu.

"Mwanangu, usipige picha. Huyu ni kaka yangu. Baba yangu amekufa."

"Amekufa lini, mama?" akauliza binti.

Shangazi akakaa sakafuni juu ya vipande vya sponji, akalia. Alilia kama watu wanavyolia siku ya msiba wenyewe, kwa sauti, na kamasi, na "baba yangu, baba yangu wee!" Na mimi ndipo nilipokumbuka kwamba msibani hakulia. Angelia vipi? Mwenyekiti alishapitisha kwamba mzee ametoka kidogo.

Jirani wa saruji akakumbuka kwamba ana wateja.

Binti aliitia simu mkobani, akavuta kigoda. Nilitegemea pingu. Badala yake akamwambia Shangazi, polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba: "Mama, nani aliwaambia nyumba inachukuliwa? Mtu akifa, mali ni ya warithi wake. Mnakwenda mahakamani, anateuliwa msimamizi wa mirathi, jina linabadilishwa. Na huyo msimamizi si mwenye mali. Anawatumikia warithi."

"Na risiti zangu?" akauliza Shangazi, anajifuta. "Kodi nimelipa mimi."

"Risiti hazikupi nyumba. Lakini zitunze, na za paa na za ukuta pia. Umeitunza mali ya marehemu, na hilo mahakama italisikia."

"Mimi ni mwanamke. Nina fungu?"

"Wewe ni mtoto wake?"

"Ndiyo."

"Basi una fungu. Kiasi gani, wataangalia sheria inayowahusu ninyi. Ila nyumba kuuzwa kisirisiri mgongoni kwako, hapana. Na mtu akitia sahihi kwa jina la marehemu, huko sasa ni polisi." Hapo alimgeukia baba yangu, akamtazama juu ya miwani.

Mwenyekiti alitaka kusimama atetee hoja, viatu vikamrudisha chini. Haviendi mbele, havitoki. Binti akainuka, akaaga, na mlangoni akasema, "Kwenye taarifa yangu nitaandika sikumkuta mzee. Nimekuta viatu tu. Lakini mje ofisini kabla sijarudi."

Tukabaki watatu. Shangazi, na macho yake mekundu, akapiga magoti mbele ya kaka yake, akachukua ule mkasi wake wa kukatia ngozi na kupasua kiatu pembeni, kimoja, halafu cha pili. Miguu ya baba yangu ikatoka imevimba, na yeye akawa anaitazama kama si yake.

"Nilikuwa nakuuza," akasema.

"Najua. Nyamaza kwanza."

Na safari hii alinyamaza. Akashuka kwenye kochi, akakaa sakafuni peku karibu na dada yake, akajifuta pua kwa shuka la mzee, na nikasikia analia naye. Nilikwenda kupasha chai moto, maana mtu hapendi kumwona baba yake hivyo.

Mambo ya mahakama yalichukua muda wake, yale ya nenda rudi, njoo na nakala. Mwenyekiti alitaka kuwa msimamizi, kama mlivyotarajia. Hakimu akawateua wote wawili pamoja, nami nilimwombea dua. Walikubaliana wenyewe: vyumba viwili vya nyuma ni vya baba yangu, amevipangisha, na kodi ya pango ale kwa raha zake, mbele ni kwa Shangazi. Hati ina majina yao. Viatu vilivyopasuliwa tulivizika uani, na baba yangu alisoma hotuba ndefu kuliko aliyoisoma kwenye maziko ya Babu mwenyewe. Tulimwacha asome.

Mwaka uliofuata nilimsindikiza Shangazi kwenda kulipa kodi ya jengo. Alivaa gauni jipya, kisa nini sikuelewa. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na alikataa nimshikie nafasi akakae kivulini. Tulipofika dirishani hakuwepo binti wa miwani, alikuwepo karani mwingine, wala hakuinua kichwa.

"Mwenye nyumba yupo?"

Shangazi alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Inua macho, mwanangu," akasema. "Ndiye mimi."