Kanzu ya Padri Juu ya Lualaba

Niliiba kanzu ya Padri. Nasema mapema, rafiki yangu, usije ukasoma nusu nzima ukinidhania mtu wa maana.

Jambo hili limenirudia likizo hii, nilipofika nyumbani kutoka shule ya Kasongo nikakuta kamba ya nguo nyuma ya jiko imelegea, na kuku amelala chini yake. Zamani kamba ile haikupumzika. Mama ndiye aliyefulia misheni yetu ndogo ya kando ya mto. Jumamosi ua wote ulinuka sabuni na moshi wa kuni, nguo zikichemka ndani ya nusu pipa, nami nikipuliza makaa ya pasi mpaka macho yanatoa machozi. Padri alikuwa na kanzu mbili tu, nyeupe zote. Siku ya kufua alijificha ndani na kaptula ya kaki, na sisi watoto tulipita dirishani kwa zamu kuangalia magoti yake.

Mwaka ule wa wizi mwalimu alitufundisha visiwa vya Antilles, kule bahari ya Karibi. Kitabu kilikuwa kimoja, kwa hiyo picha ilipita meza hadi meza: chombo chenye tanga kinatoka kisiwa hiki kwenda kile, vijana wa Kizungu ndani yake wanacheka, na hakuna anayepiga kasia. Hilo ndilo lililotuuma. Visiwa tulikuwa navyo kwenye Lualaba yetu, na malengelenge mikononi pia. Mtoto wa mvuvi akasema mtumbwi wa baba yake unakaa bila kazi Jumamosi. Mtoto wa fundi cherehani akasema baba yake hatoi hata kitambaa cha kufutia pua. Kisha wote wawili wakaniangalia mimi.

Kanzu moja ilikuwa inachemka, ya pili iko kambani. Tuliichomeka mwanzi, ukaingia mkono huu ukatokea ule, tukaisimamisha katikati ya mtumbwi na kufunga pindo kwa kamba ya nyavu. Upepo wa mchana, ule unaopanda mto, ukaikamata. Bwana, tulienda. Si mbio, lakini tulienda, kutoka kisiwa cha kwanza kuelekea cha pili, makasia yamelala, sisi tunatafuna mihogo ya kuchoma na samaki wa moshi. Mtoto wa fundi, Mwislamu asiyekosa Ijumaa, alikaa chini ya kanzu akanyoosha vidole viwili juu ya maji.

"Mamba, tubu," alisema. "Na wewe kiboko, kesho uniletee kuku."

Kitu kimoja hatukukifikiria. Kwa mbali, kanzu yenye mwanzi mikononi si tanga. Ni Padri amesimama, mikono wazi. Ngoma ya mti ikaanza kulia kisiwani. Watu walishuka ufukoni, wamama wamejifunga vitambaa safi, mmoja ameshika jogoo. Mbele yao alikuwa katekista wa kisiwa, koti amelifunga vifungo mpaka shingoni. Alipoziona sura zetu hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Padri iko wapi?"

"Iko nyuma," nilisema. Mdomo wangu huwa unafika mbele yangu.

"Afazali. Leo mitumbwi yote imeenda kuvua, tulikosa wa kutuma. Kuna bibi anamungoja. Sijui kama atamaliza siku mbili."

Akanivuta, kanzu ya Padri nimeishusha na kuitupia begani, hadi nyumba ya kwanza. Bibi alikuwa amelala mkekani mlangoni, na binti yake anampaka mawese kwenye viungo. Macho ya bibi yalikuwa yamebaki na kazi moja, kuona weupe. Akaona weupe. Akashika pindo la kanzu kwa mkono wenye mafuta na kuanza, "Baba, mimi zamani nili..."

Nikiri na hili. Kwa pumzi moja nilinyamaza. Nilitaka kusikia. Kisha nikaona vile vidole vinavyokaza.

"Bibi, mimi si Padri. Mimi mutoto wa mufuaji."

"Yeye anakuja?"

"Anakuja."

"Leo?"

"Leo."

"Basi nitamungoja." Akafumba macho, lakini mkono haukuachia. Binti yake aliufungua kidole kimoja kimoja.

Kurudi tulipiga kasia. Hakuna aliyebariki mamba. Tanga letu lilikuwa limekunjwa miguuni, ndani ya matope na maji ya samaki.

"Tuirudishe kambani, tunyamaze," alisema mtoto wa mvuvi.

"Na bibi?" aliuliza mtoto wa fundi.

Niligonga mlango wa Padri nikasema yote mfululizo. Aliangalia kanzu, akaangalia magoti yake, akaniangalia mimi. Ile nyingine ilikuwa bado ndani ya pipa. Akaitoa, akaivaa vilevile ilivyo, ikidondosha maji. "Kamata kasia," alisema.

Jua lilikuwa bado juu tulipofika. Nilingoja nje, na safari hii niliziba masikio. Kabla sijaziba nilisikia moja tu, bibi akimwambia Padri, "Mara ya kwanza uliondoka mbio."

Jumatatu asubuhi ngoma ya kisiwa ililia tena, polepole.

Padri yule alirudi Ulaya. Huyu wa sasa ana mtumbwi wa injini, na boi wake wa kufua. Maji yamekula nusu ya kisiwa, nyumba ile pamoja nayo. Mtoto wa mvuvi anachimba madini kule Lusangi, mbali na kasia. Kamba imebaki ya kuku.

Mama hakunipiga. Jumatatu ileile alinipa kanzu, sabuni na jiwe, akakaa kuniangalia. Matope yalitoka. Harufu ya samaki ilitoka. Pindoni vilibaki vidole vitano vya mawese, vyekundu, nami nikaongeza sabuni. Mama, ambaye hajawahi kuacha doa kwenye nguo ya mtu, alinishika mkono.

"Hapo usisugue," alisema. "Muache ashike."