Ukwaruzo Kwenye Ubao wa Chini

Binti yangu anasoma informatike, kazi ya kompyuta, hapa Goma. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa primeri, lakini ananisomea masomo yake nikichambua maharagi. Anasema akinieleza mimi, yanamukaa kichwani.

"Mama, unalala."

"Silali. Somo lako ndilo linalala."

Akacheka. Akasema ndani ya programu ya kompyuta, eritaji, yaani kurithi, ni hivi: klasi ya mutoto inapata yote ambayo klasi ya muzazi inajua kufanya, bila kuandikiwa upya. Enterfasi ni kitu kingine, ni ahadi tu. Inasema unapaswa kujua kufanya nini. Ukijua, unapokelewa. Wewe ni nani, haiulizi.

Maharagi yakanimwagika.

Kule kijijini kwetu Kalengera, wakati wa vita, watu wa nyumba yetu hawakupiga hodi. Ulikwaruza ubao wa chini wa mulango kwa fimbo, pole pole, kama ngombe anajikuna. Ndani bwana yangu alijibu kwa muluzi wa kuvuta pumzi, ule wa kuitia ngombe, unaokatika mwishoni, halafu anafungua. Siku ile alisikia ukwaruzo, akajibu, akafungua. Walikuwa watu wa bunduki, na aliyeshika fimbo mbele yao ni shemeji yangu, mudogo wake wa tumbo moja. Ninaandika wazi: ni yeye. Nilimuona nikiwa kwenye migomba, mimba ya huyu binti tumboni.

Binti nilimuambia tu kwamba papa yake alikufa kwa vita. Habari ya ukwaruzo na muluzi sikumupa hata kidogo.

Sasa shemeji ni muzee wa kanisa. Alituma neno kwamba siku ya kuposwa kwa binti, atakaa yeye kwenye kiti cha papa.

Akaja muchana mumoja, mvua imetia giza mutaa wetu wote wa Katoyi. Hakuita. Alikwaruza ubao wa chini.

Nilimushika binti nguo asifungue. Hakuinuka. Macho yalibaki kwenye ordinateri, kompyuta yake, akavuta pumzi, akapiga muluzi. Ule ule wa papa yake, na kule kukatika kwake mwishoni.

Inje fimbo ikaanguka juu ya mawe ya volkano. Halafu miguu ikaondoka, mbio kuliko miguu ya muzee.

"Muluzi huo alikufundisha nani?"

"Muluzi gani, mama?"

Siku ya kuposwa, shemeji hakuonekana. Kiti cha papa kilikaa bure. Fimbo yake ingali pale inje, na mimi siiokoti.