Karanga ndani ya Karatasi ya Moscou

Juzi, hapa Brussels, ndani ya maduka ya Galerie d'Ixelles, maman mumoja aliniuzia karanga ndani ya ukurasa wa gazeti wenye kung'aa. Harufu ile ya wino na chumvi ikanirudisha kwetu, wakati nilikuwa mutoto.

Papa alikuwa anapokea kwa posta magazeti ya Kiswahili kutoka Moscou, bure. Alipenda picha za trekta, basi. Lakini majirani walianza kumwita mukomunisti, kisha prosoviétique, ni kusema mutu wa Wasovieti, neno ambalo hata wao hawakulijua maana. Kwa neno lile muntu alikuwa anachukuliwa na polisi, na harudi tena.

Mchana mumoja polisi wawili wakaingia. Papa alikuwa kazini, magazeti yalikuwa juu ya meza.

— Maman, bwana yako ni prosoviétique?

Mama alikuwa anakaanga karanga za kuuza. Akapasua ukurasa, akaukunja, akaujaza karanga, akamupa mukubwa wao.

— Onja, chef. Prosoviétique yenyewe ni hii. Nimeweka chumvi.

Mwenzake akacheka. Chef akatafuna, akaomba ingine, wakaenda.

Bon, tukapasua yote siku ileile. Mama alinisomesha kila karatasi mbele ya kuikunja. Shule nilisoma miaka miwili tu, sioni haya. Leo hapa Brussels barua zangu ninasoma mwenyewe, na ninamushukuru yeye.

Papa aliporudi, alitazama meza, akatutazama. Alinawa mikono, akaketi kando ya mama, akaanza kukunja na yeye, akianza na ukurasa wa trekta.