Waya wa Kwenda Kibandani

Kupiga pasi nilifundishwa na masista wa misheni, kwetu Ushirombo, kwa vitambaa vya altare na kanzu za mapadri. Nilipoolewa miaka ya hamsini nikahamia kambi ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita, ujuzi huo ndio niliokwenda nao. Mume wangu alikuwa fundi wa umeme pale mgodini. Mimi nikawa dobi wa makarani na manesi, na baadaye hata wazungu wachache.

Nilitumia pasi ya makaa. Anayeijua pasi ya makaa anajua taabu yake: upepo ukivuma kidogo cheche inaruka, na shati jeupe lililofuliwa na kutiwa wanga linatoboka kifuani. Kwa hiyo mke wa mhandisi mmoja aliporudi kwao na kuniachia pasi yake ya umeme, niliipokea kama mtu aliyepewa ng'ombe wa maziwa.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja, taa moja na soketi moja. Siku ya kwanza kuitumia, mwanangu mdogo alishika waya wa pasi na kuuvuta. Pasi ilianguka sakafuni, karibu na mguu wake. Siku hiyohiyo niliamua kwamba kazi yangu itahamia kwenye kibanda cha uani, tulimokuwa tukiweka majembe na kuni, na umeme utanifuata hukohuko.

Bahati mbaya, jirani yetu alikuwa amenitangulia. Yeye alikuwa mchimbaji. Alitaka taa kwenye banda la kuku wake, akachukua waya mwembamba wa taa, akautoa dirishani na kuupitisha juu ya ua wa minyaa. Jua likaupasua, mvua ikaingia. Asubuhi moja mbuzi wake alikwenda kujikuna kwenye ua huo, akafa amesimama. Watoto wangu walikuwa wakicheza hapo kila siku.

Msimamizi wa kambi akaja na kofia yake ngumu, akatukusanya. Alisema kuanzia siku ile hakuna waya utakaotoka nje ya nyumba ya mfanyakazi, na kwamba kibanda ni cha jembe, si cha umeme. Wote waliitikia. Mimi nilimuuliza kama kilichomuua mbuzi ni umeme au ni kazi mbovu. Alinitazama, kisha akamgeukia mume wangu na kumwambia amfundishe mkewe adabu.

Nyumbani mume wangu hakunifundisha adabu, lakini aliniomba niyaache hayo. Alisema anajua namna ya kuupeleka umeme kibandani bila hatari, anaifanya kazi hiyo kila siku kwa watu wengine, ila akionekana ameshika waya uani kwake atafukuzwa.

"Basi usishike," nilimwambia. "Nielekeze. Mkono utakuwa wangu, na lawama zitakuwa zangu."

Alicheka, akidhani natania. Kesho yake akanikuta nimekwisha anza kuchimba.

Ardhi ile ni nyekundu, na kiangazi huwa ngumu kama tofali. Alikuwa ameniambia mtaro uwe na kina cha mkono mzima, kuanzia kwapani hadi ncha za vidole, ili jembe la mtu yeyote lisije likafika kwenye waya. Nikachimba kwa sululu, nikilala chini kila mara kupima kwa mkono wangu. Bibi mmoja wa Kisukuma wa nyumba ya pili alisimama akitazama, akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, unamzika nani?" Nikamwambia ninamzika msimamizi. Alicheka hadi akakaa chini.

Mume wangu alipoona sitaacha, alianza kunielekeza kwa dhati, tena kwa ukali wa fundi. Alinionyesha tofauti ya nyaya. Ule mwembamba, alisema, unatosha taa, lakini pasi inakula umeme mwingi. Ukiupa mzigo wa pasi utapata moto hadi uwake. Tukanunua waya mnene Mwanza, pamoja na mabomba ya chuma ya kuupitishia. Ndani ya bomba mlikuwa na nyaya tatu: mmoja wa kuleta umeme, mmoja wa kuurudisha, na wa tatu wa kuupeleka ardhini pasi ikiharibika, usije ukapitia kwa mtu.

Kabla sijagusa chochote alizima swichi kubwa ya nyumba, akaitoa fyuzi na kuitia mfukoni mwake. "Umeme hausamehe mtu kwa kuwa alidhani umezimwa," alisema, kisha akanipa kifaa cha kupimia nihakikishe mwenyewe. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akinitazama nikimenya nyaya na kuzikaza kwa bisibisi. Nilipoacha shaba kidogo ikionekana nje ya skurubu, aliniamuru nifungue nirudie. Nikarudia. Njia ya kibanda tukaipa fyuzi yake yenyewe, ili ikizidiwa ikatike yenyewe na nyumba ibaki salama. Ule waya wa tatu nikaufunga kwenye nondo ya chuma niliyoipigilia ardhini. Juu ya mabomba nilipanga matofali, ndipo nikafukia.

Sikuwa nimepiga hata shati moja pasi msimamizi alipofika. Aliona udongo mpya, akaamuru ufukuliwe.

Nilimpa sululu.

"Fukua wewe, bwana," nilisema. "Mimi nimekwisha maliza kazi yangu. Au mwite anayeujua umeme aje aseme kuna ubaya gani."

Mume wangu alikuwa pembeni, jasho likimtoka. Nilidhani atanikana. Akasema kwa sauti ndogo kwamba naye anaomba mkuu wa umeme aitwe.

Mkuu wa umeme alikuja, Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi, na kisanduku chake cha kupimia chenye mpini wa kuzungusha. Alifungua kila kifuniko. Aliuliza nani amechimba, nikasema mimi. Nani ameunga? Mimi, kwa kuelekezwa. Alizungusha mpini wake, akatikisa kichwa. Ile nondo niliyoipigilia ardhini ilikuwa fupi, na udongo mkavu mno. Alitaka ndefu zaidi, tena mahali penye unyevu. Nikamwonyesha ninapomwaga maji ya kufulia. Tukapigilia nyingine hapo, akapima tena, akaridhika. Msimamizi akamkumbusha amri ya kambi. Mzungu akajibu kwamba hii ni kazi nzuri na haoni sababu ya kuing'oa.

Mchana huo nilipiga pasi mashati ya makarani wote kibandani, mlango wazi, na msimamizi akipita njiani. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti. Akaongeza hatua.

Lakini yeye hakusahau. Mvua zilipokwisha tuliambiwa tuhamie safu ya mwisho ya kambi, kwa kuwa karani mgeni anaihitaji nyumba yetu. Nililia kidogo, kwa hasira tu. Kisha nikamwambia mume wangu azime swichi kubwa na aitoe fyuzi, nikachukua sululu nikafukua mtaro wangu wote na kutoa kila kipande cha bomba.

Karani alinikuta humo, akaniomba niwaachie tu, maana mkewe ni mshonaji na kibanda kitamfaa. Nilimwambia sikuchimba kwa ajili yake. Mkewe alibaki nyuma, akatazama mtaro, akauliza kama ni lazima uwe na kina hicho. Nikamwita akalala chini, tukapima kwa mkono wake. Nikamweleza na habari za waya mnene na nondo ya ardhini, yote niliyoyajua, na kwamba asiguse kitu kabla mkuu wa umeme hajaitwa.

"Mume wangu hatakubali," alisema.

Nikamwambia wangu pia hakukubali. Nilimwachia mtaro ukiwa wazi, nikapakia mabomba kwenye mkokoteni, nikausukuma mwenyewe hadi safu ya mwisho.