Wembe wa Kaka na Mikorosho ya Mwanangu

Kwetu mama akishanyolewa, basi. Unaweza kukataa kula, unaweza kukataa kulia, lakini wembe ukishapita kichwani mwako, mwanao amekufa, hata kama hakuna aliyeuona mwili. Ndiyo maana nilikuwa naogopa kumwona kaka yangu mkubwa, mwenye haki ya kuninyoa, akija kutoka kijijini kwake Nkowe.

Mwanangu, wa pekee, alivuka Ruvuma kwenda kuchimba madini Msumbiji. Alipofika alipiga simu. Akasema, "Mama, nimefika salama, usisahau kufagia chini ya mikorosho yangu." Ile mikorosho aliipanda mwenyewe nyuma ya nyumba yetu hapa Lionja. Baada ya hapo, kimya. Msimu wa korosho ukapita, ukaja mwingine nao ukapita. Nilikwenda mpaka stendi ya Ruangwa kuwauliza waliorudi kutoka huko, wakanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka.

Kila Jumapili nikitoka kanisani nilimpigia. Yule dada wa kwenye simu ananijibu kwa sauti yake laini kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Namchukia yule dada. Lakini hayo maneno yake ya mwisho, "kwa sasa", nimeyashikilia, maana sina mengine.

Kanisani nako hapakuwa na nafuu. Mwezi wa kuwaombea marehemu ulipofika, katekista alinifuata taratibu akaniuliza jina la mwanangu lisomwe pamoja na ya wagonjwa au ya marehemu. Nikamwambia lisomwe pamoja na ya wasafiri. Akasema, "Mama, wasafiri huwa hatuwasomi." Nikamjibu basi muanze.

Niliomba mpaka maneno yakaniishia. Siku moja nikiwa napalilia mihogo nikamwambia Mungu bila kuficha: kama na wewe umekufa, nitumie mtu aniambie, niwalilie wote wawili kwa pamoja nipumzike. Hakujibu. Nikakaa juu ya tuta nikalia kwa hasira. Wanaosema kungoja kunakomaza imani, sijui wao waliwahi kumngoja nani. Mimi kulinikausha tu, nikawa naenda kanisani kwa sababu miguu imezoea njia.

Halafu kaka akatuma ujumbe: Jumamosi anakuja, tuweke matanga, watu wamengoja vya kutosha. Katika ukoo wetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho kwa watoto wa dada yake. Akasema na ile mikorosho ipate mtu wa kuitunza.

Jumamosi hiyo nilichukua jembe na ufagio nikaenda nyuma ya nyumba. Korosho zinapokaribia kudondoka tunapalilia chini ya mti na kufagia mpaka chini panabaki peupe, maana korosho ikiangukia kwenye majani imepotea. Nilikuwa nafagia mti wa pili kaka alipofika na bodaboda, unga kwenye mfuko, jogoo amefungwa miguu, wembe mpya kwenye mfuko wa shati.

"Unamfagilia nani, mdogo wangu?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo."

Nikaacha ufagio, nikavua kitambaa cha kichwani, nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia, "Ninyoe. Ila ujue, ukinyoa leo, kesho kanisani siendi, wala siku nyingine. Huyu wa Msumbiji na yule wa juu nawangoja pamoja, na wote wamenikalia kimya. Siwezi kumzika mmoja nikabaki na mwingine."

Nilisema kweli. Nilitamani anyoe. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho.

Kaka akautoa wembe kwenye karatasi yake. Nilimsikia akihema juu ya kichwa changu. Mkono wake ulinigusa nywele, ukaondoka. Nilipogeuka amechuchumaa, ameuziba uso kwa viganja, mtu mzima ambaye hata mama yetu alipokufa sikumwona akitoa chozi.

"Nampigia kila siku," akasema. "Kila siku, mdogo wangu. Nilitaka matanga ili niache kupiga."

Sikujua. Muda wote ule nilidhani nangoja peke yangu, kumbe na yeye kule Nkowe alikuwa anaongea na yule dada wa kwenye simu. Niliuchukua wembe mkononi mwake nikaufunga kwenye karatasi yake, nikajifunga kitambaa changu, nikaendelea kufagia. Baadaye nikasikia jembe likikwangua nyuma yangu, anapalilia mti wa tatu.

Jogoo tulimfungua. Jua lilipopoa tukakaa kwenye mkeka, nikaomba kwa sauti, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, maneno machache ya mtu asiye na uhakika. Kisha kaka akatoa simu, akaweka sauti ya nje tusikie wote, akapiga.

Yule dada akasema namba haipatikani kwa sasa.

"Kwa sasa," kaka akasema, akaiweka simu katikati yetu.